Siku ya Kumuaga Chewa

Chewa alisusa. Samaki mzito kama ndama, akakipa mgongo kipande cha ngisi na kujibanza nyuma ya mwamba, watoto wa shule wakigonga kioo wee, asiwajali.

Mlishaji wake, ambaye jumba zima la samaki lilimwita Mama Chewa, akatia mkono majini. Chewa akaja mbio. Hakuwa akila ila mkononi mwake.

"Hapa wakubwa hawanigusi ng'o," alizoea kutania. "Mwanangu atakufa njaa!"

Sasa ilimbidi amwachishe. Msimamizi, shoga yake wa tangu walipoajiriwa pamoja, alimwambia chewa anahamishiwa jumba lingine.

"Huko nani atamlisha, shoga? Mzoeshe ubao huu mweupe. Yeyote atakayeushika, amfuate."

"Si bora niende naye?"

"Uende wapi? Na mimi uniachie nani?"

Mama Chewa alilia, lakini akafundisha. Ubao majini, ngisi kando ya ubao, mkono ukirudi nyuma kidogo kidogo. Alijiona msaliti. Kiumbe kimemwamini, naye anakilaghai kwa vipande vya ngisi! Mwishowe chewa akawa anamfuata hata mfagiaji, alimradi ameshika ubao.

Siku ya kuaga, shoga yake alimkumbatia kwa nguvu, kisha akamwomba ufunguo wa chumba chake, kule kwenye nyumba za wafanyakazi.

"Nitume watu wakachukue sahani zako. Za ofisini hazitoshi."

Akampa papo hapo. Baina yao hapakuwa na changu wala chako.

Wakala keki. Wafanyakazi walimshika mkono mmoja mmoja, macho chini, wala hakuna aliyekwenda kumtazama chewa. Masikini, wananionea huruma, akawaza, akawashukuru wote.

Lori lilipopiga honi nje, alikwapua kipimajoto akawatangulia. Thubutu, mwanawe hasafiri katika maji ya moto! Akapanda nyuma ya lori, akafunua turubai.

Hapakuwa na tangi. Palikuwa na kitanda chake, godoro lake lililofungwa kamba, na nguo zake zote ndani ya mifuko ya takataka.

Alipogeuka, shoga yake alikuwa anafunga geti kwa ndani.