Kisahani Juu ya Kikombe

Tangu mkewe azikwe, Kitwana hakuwa amegusa rafu ya dawa. Marehemu Mwanaisha hakuandika majina ya majani kwenye makopo yake. Aliandika kazi yanayofanya: kitoa jasho, kilainisha kifua, kituliza tumbo. Kopo la mwisho liliandikwa kileta usingizi, na humo ndimo alimochotea mumewe kila jioni.

Mchana mmoja jirani yao, Bi Hidaya, alipiga hodi.

"Shemeji, mama hajafumba jicho siku ya nne leo. Analia kama mtoto. Marehemu alikuwa na dawa yake."

Kitwana akalifungua kopo. Kilibaki kipimo kimoja, na yeye mwenyewe hakuwa amelala tangu msiba. Majani yale hakuyajua hata kwa jina, wala hapakuwa na mwingine wa kumuuliza. Hakuhisi kitu. Akayamimina yote kwenye karatasi, akaikunja.

"Maji yakichemka, yaepue kwanza, ndipo uyamwagie majani. Funika kwa kisahani dakika kumi. Mvuke ukitoka, na dawa imetoka."

"Makubwa! Umekuwa mganga tangu lini?"

"Nilikuwa naambiwa kila siku. Sikujua kama nasikia."

Bi Hidaya alicheka kidogo, akaipokea karatasi, akaenda zake.

Kitwana akachemsha maji. Akayaepua, akayamimina kwenye kikombe kitupu, akakifunika kwa kisahani. Akaketi mbele yake, mikono magotini, akisubiri dakika kumi ziishe.