Waya wa Mwalimu Loth

"Una hakika haitasikika nje?" Mwalimu Loth aliuliza tena.

Fundi Isdori alikuwa amejikunja chini ya dashibodi ya Corolla, tochi mdomoni. Aliitoa tochi, akajibu kwa upole kwamba haitasikika. Kile kisanduku cha kunasia redio ya setilaiti kilikuwa kikirusha sauti hewani ili redio ya gari iidake kwenye FM, na kinachorushwa hewani hudakwa na yeyote mwenye redio karibu. Sasa sauti ingepita ndani ya waya, kutoka kisandukuni mpaka nyuma ya redio, basi.

"Hata jirani?"

"Hata jirani, mwalimu. Labda umkaribishe mwenyewe ndani ya gari."

Loth hakucheka. Isdori naye hakuuliza zaidi. Mtu mzima, msoma masomo kanisani, anajifungia ndani ya gari kila jioni na kupandisha vioo, halafu anaogopa kusikika! Fundi alikwishakisia lake, akamhurumia mke wa mwalimu.

Alikosea. Loth alikuwa akijifunza Kiingereza kwa redio ile. Tena cha mwanzo kabisa, kile cha kikombe kiko juu ya meza, na kilimtia aibu kuliko chochote alichowaza Isdori, kwa sababu Loth ndiye aliyekuwa mwalimu mkuu wa shule ya kwanza pale Kizwite kufundisha kwa Kiingereza.

Shule za binafsi zilikuwa zimeanza kuchipuka kila kona, na Mama Coleta, mwenye shule, alimtoa Loth katika shule ya serikali kule Pito kwa kuwa alisifika kwa kufaulisha hesabu. Usaili ulikuwa mfupi ajabu. Mama alitamka Kiingereza kidogo, Loth akaitikia "Yes, Madam", na Mama akafunga faili upesi, akamwambia ameajiriwa. Tangu siku hiyo Loth aliwaachia walimu vijana madarasa yote ya Kiingereza, akajichimbia ofisini. Nyumbani watoto wake walitamba mtaani kwamba baba yao anaota kwa Kizungu. Angewezaje kufungulia somo lile sebuleni?

Kisha wazazi wa maofisini wakaja juu. Walitaka kikao cha Jumatatu kiwe Kiingereza kitupu, wasikie wenyewe kama ada yao haipotei bure. Mama Coleta angefungua kikao, Loth angejibu maswali. Akikwama, kazi imekwenda, na uso wake umekwenda nayo.

Kilichomkimbiza kwa fundi ni maneno ya Avelina, muuza mboga wa pale mtaani. Alimwambia, huku akimfungia mchicha, kwamba siku hizi Kizwite ina redio yake. Haina jina, inakuja saa moja jioni, inafundisha Kiingereza cha kitoto, halafu inapotea kama mzimu. Loth aliuacha mchicha pale pale mezani.

Ukuta mmoja tu wa matofali ulimtenganisha na Mama Coleta. Akisikia, hatauliza redio hiyo inatoka wapi; gari analiona, na antena juu ya paa lake. Kitu kimoja tu kilimfariji Loth: saa moja jioni Mama hujifungia chumbani kusali rozari, wajukuu hutolewa nje, na hakuna anayethubutu kubisha hodi.

Jioni ile, waya ukiwa umekwishafungwa, Loth alipandisha vioo akawasha. Sauti ilikuja safi. Somo lilikuwa la kukaribisha wageni. Alirudia kila sentensi kwa kunong'ona, upepo wa baridi ukipiga vioo, na kwa mara ya kwanza tangu atoke kwa Avelina hakuona haya.

Mlango wa Mama Coleta ukafunguka.

Alitoka na kitu ndani ya kanga, akakizungusha uani, mara upande wa kanisa, mara juu ya kichwa chake. Hatimaye akaja mpaka ukutani, akasimama usawa kabisa wa Corolla, akitega sikio. Loth alizima redio, akateleza kutoka kitini mpaka magoti yakagusa sakafu. Mama alikawia pale ukutani. Alipoondoka, Loth alibaki chini vile vile, mwalimu mkuu amejificha chini ya usukani wa gari lake mwenyewe, na machozi yakamtoka.

Asubuhi alikwenda kwa Isdori kumwambia ang'oe kila kitu, antena ya juu ya paa, kisanduku na waya wake. Kazi angeiacha mwenyewe kabla hajafukuzwa mbele ya wazazi. Alikuwa amekaa nyuma ya rundo la televisheni mbovu, akimsubiri fundi amalize kuchomelea, aliposikia hodi mlangoni na kuitambua sauti.

Hakuwahi kumsikia Mama Coleta akiongea chini chini namna ile. Alikuwa akifungua kanga, na ndani yake kulikuwa na redio ndogo ya betri.

"Haijaanguka wala haijaloa, fundi. Kila siku saa moja inashika vizuri, hasa nikikaa chumbani, upande wa kwa mwalimu. Jana imenyamaza tu. Nimeizungusha uani, nimeipeleka mpaka ukutani, wapi."

Isdori aliigeuza redio mkononi, akatupa jicho kwenye rundo la televisheni, akakohoa. Alisema ataitazama.

"Itengeneze leo hii, nakuomba. Jumatatu nafungua kikao, na somo la jana, walivyotangaza juzi, ndilo lilikuwa la kukaribisha wageni." Akasogea karibu zaidi. "Na Mwalimu Loth asijue. Yule Kiingereza anacho. Akisikia, uso wangu nitauweka wapi?"