Changarawe kwa Kuku wa Meneja

Gidamis alimwaga punje nzima za ngano kwenye vihori vya kuku, akanyunyiza unga juu ili meneja akichungulia aone unga tu. Kisha akawatupia changarawe kopo zima.

"Kuleni," aliwaambia. "Kuleni mpasuke."

Kazi aliyoajiriwa kuifanya ilikuwa kuipitisha ngano kwenye mashine isagwe laini kama ya uji wa mtoto. Meneja Patriki aliamini hivyo ndivyo kuku wa nyama wanavyonenepa. Gidamis hakujua kuku. Kwao, chini ya mlima Hanang, mwanaume ni ng'ombe wake, na kuku walikuwa ndege wa majirani wanaolima. Lakini matumbo ya ng'ombe aliyajua vizuri.

Mwaka juzi ng'ombe wake walilivamia lundo la ngano la shamba la serikali, wakala wakashiba. Jioni walikuwa wamevimba. Kulipokucha ilikuwa mizoga mitupu. Meneja alikuja kutazama, akacheka.

"Mwizi amekufa kwa shibe," alisema.

Kicheko kile Gidamis alilala nacho na kuamka nacho.

Tena si ng'ombe tu. Kwenye mwinuko nyuma ya banda lilibaki kaburi la baba yake, tuta kubwa la udongo ambalo ukoo mzima ulilipandisha kwa miezi, heshima ya mzee mwenye jina. Makaburi mengine yote ya ukoo, trekta za shamba zilikwisha kupita juu yake. Meneja alikuwa ameshatangaza kwamba mvua zikianza, na hilo litalimwa.

Ndiyo maana Gidamis aliomba kazi bandani. Kikulacho ki nguoni mwako, na meneja alimvaa kwa furaha. Kuku wale walikuwa jaribio la makao makuu. Wakifa, Patriki angeondolewa kabla ya mvua. Na ngano iliyoua ng'ombe ingeshindwaje kuua kuku?

Siku moja Konsolata, mama wa Mbulu aliyekuwa akichota maji ya bandani, alisimama akaangalia maranda ya sakafuni.

"Kaka Gidamis, mbona hawa hawaharishi tena? Kinyesi kimekauka kabisa."

"Dalili mbaya hiyo," Gidamis alijibu, akificha tabasamu. "Ng'ombe akiwa hivyo, anza kunoa kisu."

"Lakini hawa si ng'ombe, kaka."

Gidamis alimpa kisogo. Mwanamke angemfundisha nini kuhusu matumbo? Kesho yake aliongeza changarawe.

Bwana mifugo alifika kutoka Arusha na mizani yake. Alipima kuku, akakunja uso, akapima tena. Akachinja mmoja, akampasua mbele ya wote, akatoa firigisi. Ilikuwa kubwa na ngumu, imejaa punje na mawe.

Meneja alibadilika rangi. "Nani amewapa mawe kuku wangu?"

Saa imefika, Gidamis aliwaza. Akainua kichwa, maana kisasi kisicho na mwenyewe hakina utamu.

"Mimi. Punje na mawe, kwa mkono wangu huu."

Bwana mifugo akaushika mkono ule, akautikisa kwa nguvu.

"Hongera, mzee! Unga laini sana unapita tumboni mbio, nusu yake inaishia kwenye maranda. Punje zinaifanyisha firigisi kazi, na mawe yanasaidia kusaga. Kuku wazito hivi sijawahi kuona."

Meneja alicheka kicheko kilekile. Usiku ule Gidamis hakuonja hata maziwa.

Mawingu yalikuwa yameanza kujikusanya juu ya Hanang meneja alipomwita ofisini na kumpa kiti, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

"Makao makuu wamefurahi sana. Wameniambia nibaki hapahapa. Na wewe, mzee Gidamis, sikukusahau. Lile tuta la baba yako nimelifuta kwenye mpango wa kilimo. Hakuna jembe litakaloligusa."

Chuki aliyoibeba Gidamis tangu mwaka juzi ilimlegea mabegani. Akanyoosha mkono mwenyewe.

"Asante, bwana meneja. Asante sana."

"Pale ni juu, maji hayatuami," meneja alisema, akiendelea kuushika mkono. "Kesho trekta inalisawazisha tuta, tujenge banda jipya la kuku. Nimewaomba waliite kwa jina lako."