Jezi ya Kijani

Tangu Jumapili waliyomzika kipa, timu ilimomonyoka kama ukuta wa udongo. Timu iliyopanda madaraja mawili kwa miaka mitatu, leo ilileta uwanjani watu saba, dereva wao akiwamo.

Mwamuzi alitazama saa. "Saba mnatosha. Lakini kipa lazima avae rangi tofauti. Nawapa dakika tano, la sivyo mnafutwa kwenye ligi."

Wote walimgeukia mama wa yule kipa aliyezikwa, mfua jezi wao. Jezi ya kijani ilikuwa mkobani mwake. Hakuwahi kuifua tangu mechi ya mwisho ya mwanawe. Kila usiku aliinusa kolani ndipo alale.

"Mama, usijilazimishe," alisema dereva, aliyepangwa kukaa golini. "Tumbo hili litaipasua."

"Itavutika tu. Si ndiyo maana mwanangu alikuita Gunia?"

Dereva alitabasamu, kisha akainamisha kichwa.

Mama alifungua zipu. Tope lilikuwa limekaukia kiwikoni. Alilikwangua kwa ukucha, taratibu, mpaka mwamuzi akakohoa.

"Inua mikono, baba," alimwambia dereva, akamvisha.

Sasa mpira umeanza. Wameshafungwa mawili, na dereva anatokwa jasho, linailowesha kola ile.