Neno la Siri la Nyumbani kwa Amoni

Hivi wewe, ukipewa dakika ishirini tu kukumbuka neno moja, na kazi ya mwenzio inaning'inia hapo hapo, ungeanzia wapi?

Rukia alianzia kwenye majina ya watoto. Alikuwa ameketi jikoni kwa rafiki yake Elina, pale Makandana, kompyuta ya kuazima mapajani, mtandio umelowa mvua, viatu vimejaa udongo mweusi. Saa nne kamili kampuni moja ya parachichi ingemfanyia usaili kwa video. Nafasi moja, waombaji saba. Miaka miwili sasa Rukia anapima vitambaa dukani kwa baba yake, Mzee Zuber, na cheti chake cha kilimo kimelala kabatini.

Intaneti ya simu ilikuwa inazunguka tu tangu mvua ya alfajiri. Mtandao wa uhakika mtaani ulikuwa kwenye nyumba hiyo moja, kwa sababu Amoni, mume wa Elina, anauza miche yake mtandaoni.

"Haya Mama Ikupa, neno la siri."

"Nimelisahau, shoga yangu," alisema Elina. Alikuwa anamenya ndizi mbichi, mikono kaipaka mafuta ili utomvu usigande.

"Si umpigie Amoni?"

"Nimempigia mara nne. Kapeleka miche Nkunga, hapatikani."

Rukia akakuna kichwa. "Au kaweka jina la binti yenu? Ikupa, na mwaka aliozaliwa?"

"Siyo."

"Tarehe ya harusi?"

"Siyo hiyo."

"Jina lake mwenyewe Amoni?"

"Siyo. Ila hapo umekaribia."

Rukia akainua macho. "Umelisahau, halafu unajua nimekaribia?"

Elina akainama kuchochea moto, ingawa ulikuwa unawaka vizuri tu.

Uani kikasikika kikohozi. Elina akatupa kisu kwenye beseni, akajitanda khanga mpaka usoni, akatokea mlango wa nyuma kuelekea migombani. Aliyeingia ni baba yake Amoni, mzee mrefu mwenye koti la sufu.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, binti Zuber. Nyumbani wazima?"

"Wazima. Babu, eti neno la siri la mtandao wewe hulijui?"

"Hayo ya kwenu vijana. Mimi nimefuata mwavuli." Akauchukua nyuma ya mlango, akaondoka zake taratibu.

Elina alirudi matone ya migomba yakimtiririka mabegani. Rukia alicheka mpaka akashika mbavu.

"Mpaka leo unamkimbia baba mkwe? Shoga, mzee wa watu hang'ati!"

"Ndivyo nilivyofundwa nilipoolewa. Kwetu Wanyakyusa mke wa mtu haonani na baba wa mume."

"Hayo ya bibi zetu, bwana! Una simu ya kugusa, una mtandao ndani, halafu unajificha kwenye migomba kama kuku mgeni!"

Elina alimenya ndizi mbili, tatu, maganda yakaanguka chini.

Saa ya ukutani ikaonyesha saa nne kasoro dakika nane. Kicheko cha Rukia kikaisha. Akaifunga kompyuta polepole, akafuta macho kwa ncha ya mtandio.

"Basi, Mama Ikupa. Nirudi zangu kwenye vitambaa."

Elina alimtazama. Kisha akatoa simu yake kiunoni.

"Subiri. Simu hii huwa inaingia kwenye mtandao yenyewe. Maana yake inalijua hilo neno. Litafute humo humo, wewe mwenye vyeti."

Rukia akaidaka. Akaingia kwenye mipangilio, akafungua Wi-Fi, akagusa jina la mtandao wa nyumbani, akabonyeza pale penye kushiriki. Simu ikadai kidole cha mwenyewe. Elina akaweka dole gumba. Likakataliwa kwa yale mafuta. Akanawa kwa sabuni, akalisugua kwenye khanga, akaweka tena. Simu ikakubali.

Kikatokea kimraba cha madoadoa, na chini yake maandishi madogo. Elina alikuwa ameshageukia kuni.

"Ee, hili hapa! Kumbe ni..."

"Usilisome kwa sauti!" Elina alipiga kelele mpaka kuku akatoka mbio jikoni. Kisha akashusha sauti. "Andika kimyakimya, dada. Siri ni siri."

Rukia akaandika herufi moja moja, jicho kwenye simu, jicho kwenye kompyuta. Mtandao ukakubali. Akakimbilia sebuleni, akafunga mlango.

Ndizi ziliiva, Elina akaziepua, akazifunika kwa jani la mgomba. Ndipo mlango ulipofunguliwa na Rukia akatoka akirukaruka.

"Wamenitaka! Jumatatu niende na vyeti vyangu halisi!"

Walikumbatiana, mwiko ungali mkononi mwa Elina. Simu ikaita, ni Amoni. Elina akaiweka kwenye kigoda, akafungua sauti.

"Mama Ikupa, nimekuta umenitafuta mara nne. Kuna nini?"

"Rukia alikuwa anataka neno la siri."

Amoni akacheka huko aliko. "Umelisahau tena! Mwezi huu ni mara ya tatu, mke wangu. Hicho kichwa chako kina nini?"

Elina alichungulia uani. Hakukuwa na mtu. Akavuta pumzi.

"Baba Ikupa, mimi sijalisahau hata siku moja. Libadilishe leo leo, weka hata jina la ng'ombe. Jina la baba yako, mimi mkwe wake, silitamki wala siliandiki."