Sauti ya Kiti cha Dirishani

Hedvika aliutundika mwavuli wake uliolowa kwenye kiti cha dirishani, ingawa Ctibor alikuwa amekikalia. Maji yakamchuruzikia begani. Ctibor hakusogea, na Hedvika hakugeuka.

Radka alisisimka mwili. Siku alipoajiriwa katika ofisi hii mjini Brno alionywa jambo moja: ukisikia sauti kwenye kile kiti, usijibu. Lakini angefanyaje, jamani? Programu yao ya kupanga milo ya hospitali iliandikwa kwa lugha ya kompyuta ya zamani, na ofisi nzima aliyeielewa ni Ctibor peke yake. Sasa hospitali ilitaka maagizo yapite mtandaoni. Kazi hiyo ilihitaji maktaba mpya za programu, yaani vipande vya programu vilivyoandikwa tayari, ambavyo lugha ile kongwe haikujua hata kuvipigia hodi. Radka alikuwa anaandika daraja, programu ndogo ya kuiunganisha lugha hiyo na maktaba hizo. Likishindwa leo, hospitali inahama, na wote pale wanakosa kazi.

Bosi wao, Bohdan, alimpa ruhusa kwa kunong'ona. "Muulize Ctibor, lakini kwa sauti ya chini. Wenzako wakimsikia wanakosa raha. Daraja likisimama, basi, usimsemeshe tena. Niahidi."

"Nakuahidi. Ila niambie, kwani ilikuwaje?"

"Maliza kwanza."

Radka akalijaribu daraja. Mgonjwa wa kwanza kwenye orodha akakosa chakula. Akajaribu tena, yule yule akakosa.

"Lugha yangu huanza kuhesabu na moja," sauti ikasema nyuma ya sikio lake. "Hizo maktaba zenu zinaanza na sifuri. Ndiyo maana wa kwanza anaachwa."

Radka akanong'ona: "Asante, Bwana Ctibor."

"Unaongea na ukuta, wewe?" Hedvika akauliza kutoka mezani kwake. Hakuwa anacheka.

Sauti ikaendelea. "Unavyobonyeza kwa vidole viwili! Baba yako mtupu."

"Ulimjua baba?"

"Programu hii tuliianza mimi na yeye, kwenye meza hii hii. Hadi leo namsikia akibonyeza."

Machozi yakamlenga Radka. Baba alifia gerezani enzi za polisi wa siri, yeye akiwa wa chekechea, na hata mama hakupenda kumtaja. Huyu ndiye wa kwanza kumzungumzia.

Akarekebisha mstari mmoja. Safari hii supu, nyama na kabichi vikamfikia mgonjwa wa kwanza. Hospitali ikapiga simu: wamekubali. Ofisi ikalipuka kwa vifijo, watu wakakumbatiana, Bohdan akamimina pombe ya matunda ya plamu.

Radka akachukua bilauri mbili, akaelekea dirishani. Bohdan akamshika mkono.

"Rudi. Daraja limesimama, na uliniahidi. Baba yako alichongewa kwa polisi na huyo huyo. Tangu tulipojua, hakuna anayemsemesha. Tumemweka kwa sababu ya ile lugha tu, na kila jioni anarudi kwa mkewe, anakula, analala."

Ctibor alikuwa amesimama, mkono ameunyoosha. "Hongera, binti," akasema. Kisha, kwa sauti ndogo, "Radka?"

Radka alimsikia vizuri sana. Akageuka, akampa Hedvika bilauri ya pili.