Nguruwe wa Kepu

Pigo la kwanza lilimvunja Kepu mkono. La pili lilimpata utosini, akaanguka kando ya lori lake, miguuni pa nguruwe aliokuwa akiwachuuza kijiji hadi kijiji.

"Umetuletea homa, mshenzi wee!" Uaisele alifoka, rungu juu. "Mazizi yetu yamejaa mizoga!"

"Wangu watazame basi," Kepu alisema, mdomo umejaa damu. "Nani anaumwa hapo?"

"Bado ana mdomo huyu!"

Wanaume walimpiga mateke mpaka akanyamaza, kisha wakawageukia nguruwe wake kwa mapanga. Vilio vilisikika mpaka kanisani. Kepu hakufika hospitali.

Uaisele hakujuta hata chembe. Kijiji kizima walibaki nguruwe wa watu wawili tu. Wake mwenyewe, aliowachemshia mwani kila siku, pamoja na dume wake mkubwa aliyeazimwa na kila nyumba kupanda majike. Na wa dada yake Lesieli, mwoga wa kupindukia, ambaye tangu homa iingie hakuruhusu hata kuku wa jirani avuke ua wake. Nguruwe hao walikuwa wa harusi ya binti yake Lesieli. Kaka anayeacha dada yake aaibike mbele ya wakwe afadhali ahame kisiwa.

Finau, daktari kijana wa mifugo kutoka mji mkuu, Nuku'alofa, alichukua damu ya mizoga ya nguruwe wa Kepu na ya nguruwe wa Uaisele. Wiki iliyofuata alirudi.

"Mzee, mwani wako kweli unafanya kazi. Nguruwe hafi."

"Si nilisema! Wajinga hawa walinicheka, eti napikia nguruwe mboga."

"Unazuia kifo tu. Ugonjwa wenyewe unabaki ndani. Virusi vimeuzoea mwani, vimekaa humo vikijinoa, na vikimpata nguruwe asiyekula mwani, siku mbili amekwisha."

"Ndiyo maana nilimmaliza Kepu. Sasa dada yangu analala usingizi, ameshafungua ua."

Finau alitikisa kichwa.

"Nguruwe wa Kepu walikuwa wazima, mzee. Wote. Dume wako yuko wapi?"

Uaisele aligeukia upande wa nyumba ya dada yake.

"Nilimpelekea Lesieli juzi, zawadi ya harusi. Yumo zizini na wenzake."